Kusimama Bila Kushikwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu nipande kitandani. Nilikuwa nimevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa, nikitegemea kupewa koti jeupe na mkasi. Matroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali ile ya wilaya, mama mrefu asiyependa kurudia neno, alinionyesha kitanda kitupu mwishoni mwa wodi ya wanaume.

"Lala chali," akasema. "Usigeuke mpaka nirudi."

Nikalala. Mwanzoni niliona ni mapumziko. Baadaye kisigino kikaanza kuwaka moto, ikafuata nyonga, kisha mgongo wote. Wagonjwa walikuwa wakinitazama na kucheka. Matroni aliporudi, jua lilikuwa limeshahamia madirisha ya upande wa pili.

"Umechoka?"

"Nimechoka sana, Matroni."

"Wewe una mwili mzima na umelala asubuhi moja tu." Akamwonyesha mzee wa kitanda cha jirani, aliyepooza upande mmoja. "Huyu hawezi kujigeuza. Usipomgeuza, ngozi itaoza. Ukimgeuza siku zote, atasahau kwamba aliwahi kujigeuza mwenyewe. Kazi yako iko hapo katikati. Haya, vaa viatu."

Niliajiriwa kama dresa. Kwa nyinyi ambao neno hilo limewapita, dresa alikuwa mfunga vidonda, ngazi ya chini kabisa ya utabibu. Unachemsha sindano, unasafisha madonda, unagawa vidonge, unamwaga mabeseni. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, nami nilikuwa mtu mzima mwenye mke na shamba la kahawa kwetu Itaka, wakati wenzangu wodini walikuwa vijana watupu. Sikujali. Nilikuwa mbishi tangu utotoni, na Matroni aliupatia ubishi wangu kazi. Alinikabidhi wagonjwa wa kiharusi.

Watu wengi wa kwetu walisema mgonjwa wa namna hiyo ametupiwa. Mtu amelala mzima, anaamka mdomo umekwenda upande, mkono na mguu havimtii, basi lazima kuna jirani aliyemfanyia jambo. Matroni alitufundisha kwamba ni mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na kwamba ubongo ukiumia upande wa kushoto, mwili hulegea upande wa kulia. Misuli haijafa, alisema, ila amri ndiyo haifiki. Mazoezi ni kuituma ile amri tena na tena mpaka ipate njia nyingine ya kupita.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuruhusu turuke hatua. Kwanza mgonjwa ajifunze kujigeuza kitandani. Kisha akae ukingoni, nyayo zimegusa sakafu, bila kuegemea popote. Halafu ahamishe uzito, yaani aegemee tako la kulia, arudi katikati, aende la kushoto, ili mwili ukumbuke katikati yake iko wapi. Ndipo tunafika kwenye kusimama. Visigino virudi nyuma ya magoti, mtu ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha ainuke. Mwenye kiharusi huogopa kuinama mbele. Hujivuta nyuma, na akijivuta nyuma anarudi kitini kwa kishindo. "Pua ipite vidole!" Matroni aliimba wodi nzima kutwa kucha. Sisi tulimwita Mama Pua, naye akijua akajifanya hajui.

Kutoka hapo nilihamishiwa Tunduma, zahanati ya upande wa Chapwa, wakati malori ya kwenda Zambia yakisubiri mpakani kwa foleni. Msimamizi wangu alikuwa Tabibu wa zahanati, mtu mpole aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko nafasi za benchi, hivyo wale wa majumbani aliniachia mimi. Mmoja wao alikuwa Mzee Salum, mfanyabiashara wa asili ya Pangani aliyekuwa na malori yake. Kiharusi kilimpata mguu na mkono wa kushoto, na akili yake ilibaki nzima kabisa. Kwa macho yangu huyo alikuwa mtu wa kutembea kabla ya mwaka kwisha.

Lakini alikuwa na wana, na wana wale walimpenda mno. Kila nilipofika nilimkuta amebebwa kutoka kitandani hadi barazani, ameegemezwa mito pande zote, analishwa kwa kijiko mkono wake mzima ukiwa umelala mapajani. Nikimwambia ajiinue, mwanawe mkubwa ameshamshika kwapani.

"Mwache ajaribu," nilimwambia.

"Baba ahangaike, na sisi wanawe tupo?" alinijibu kwa mshangao wa kweli. "Watu watatuonaje, Dokta?"

Niligombana naye mpaka Tabibu akaniita kunionya. Mzee Salum mwenyewe alitabasamu tu na kuniambia nisijisumbue, Mungu amempa watoto wema. Alikufa baada ya miaka michache bila kusimama tena hata mara moja. Nilikwenda kumzika, nikalia pamoja na wanawe, na huku nalia nilikuwa na hasira.

Hasira hiyo nilipanda nayo milimani Ileje, kwenye kituo cha afya nilichopelekwa baadaye. Mkuu wa hapo alikuwa Mganga Mfawidhi, kijana wa kutoka Moshi, mwenye miwani na haraka, aliyesoma mengi na kupenda kuuliza. Kazi yangu ilikuwa kliniki ya kutembelea vijiji, baiskeli pale inapokubali na miguu pale isipokubali, na kule mara nyingi haikubali. Ndivyo nilivyokutana na Mzee Kibona wa Mbebe.

Alikuwa mjane, mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuamrisha hata baada ya kiharusi kumkokota ulimi. Upande wa kulia ulikuwa umelegea, mguu kidogo, mkono zaidi. Mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi migodini Zambia. Nyumbani alibaki na mke wa huyo mwanawe, Mama Atu, mwanamke mwenye nguvu ambaye angeweza kumbeba mzee yule bila kutweta. Nilifurahi nilipomwona. Mfawidhi alikuwa amenipa maelekezo kwamba mtu wa nyumbani amshike mgonjwa kwapani na kumsimamisha kila siku, na mimi nilijisemea kuwa mtu mwenyewe ndiye huyu.

Nilipomwita, Mama Atu alisimama nyuma ya ukuta wa nyumba, kanga imefunika uso, akasema, "Shikamoo Dokta. Mimi kule ndani siingiagi."

Hapo ndipo nilipoona kuwa nimekwama. Katika milima ile, kwa desturi ya wakati huo, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia, hugeuka kisogo na kujifunika mpaka mkwewe apite. Hamsemeshi wala jina lake halitamki. Kumgusa ndiyo kabisa haiwezekani. Msidhani ni chuki. Ni heshima, tena wao huiona kubwa kuliko salamu, na sisi Wanyiha tunayo pia kwa namna yetu. Mama Atu alimpikia mzee, akaweka chakula kizingitini, akakohoa na kuondoka. Mdogo wake mzee, aliyeishi kilima cha pili, alikuja asubuhi na jioni kumnawisha na kumtoa nje. Saa zote za katikati Mzee Kibona alilala peke yake akitazama paa.

Na muda ulikuwa mfupi. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na watu wa ukingo ule wa mlima walitakiwa kuteremka wakajenge karibu na barabara mara baada ya mavuno. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshapita.

"Usiwe na wasiwasi, mzee," alimwambia mbele yangu. "Vijana watakubeba kwa machela mpaka chini. Hutaguswa na umande."

Mzee Kibona aligeuza uso ukutani. Balozi alipoondoka ndipo aliponiambia, kwa ule ulimi wake mzito, "Kwetu mtu anabebwa kwa machela mara moja tu. Siku ya kuzikwa. Wakinibeba kwenda kijiji kipya nikiwa hai, kule wote watanijua kama maiti. Nitateremka kwa miguu yangu. Kama siwezi, waniache hapa hapa na nyumba iniangukie."

"Utateremka," nikasema. Sikuwa na haki ya kumwahidi, lakini nilikuwa nimemkumbuka Mzee Salum na mito yake.

Nilirudi kituoni kumweleza Mfawidhi kwamba maelekezo yake hayawezekani, nikitegemea kugombezwa. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwetu hakuna jambo la namna hiyo," alisema. "Basi kama hakuna mtu wa kumshika, mtafutie kitu cha kukishika yeye. Mfundishe mwenyewe, usifundishe jamaa zake. Mazoezi yawe ya kwake, ayafanye hata wewe usipokuwepo. Hasa usipokuwepo."

Mbebe mianzi haikosekani. Mimi na mdogo wake tulichimbia nguzo uani nyuma ya nyumba yake, tukafunga mianzi miwili mirefu sambamba, usawa wa nyonga, nafasi ya kupita mtu mmoja katikati. Kiti chake tulikiegemeza ukutani kisiteleze. Ndani, kando ya kitanda, tukafunga mwanzi mwingine wa kujivutia. Kisha nikaanza kumfundisha, na nilimfundisha kwa sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri. Nyuma ya ua wa matete Mama Atu alikuwa akitwanga mahindi. Sauti ya mchi ilikuwa ikipungua kila nilipoanza kusema.

Wiki za kwanza zilikuwa za matusi. Mzee wa kanisa alinitukana kwa Kindali, lugha ya kwao, kisha akaomba msamaha kwa Kiswahili. Akae, ainuke, akae. Ashike mianzi, ahamishe uzito mguu mzima, kisha mguu mgonjwa, asikimbie mguu mgonjwa. Huo ndio udanganyifu mkubwa wa kiharusi. Mtu hujifunza kusimama juu ya mguu mmoja na kudhani amepona, na siku akigeuka ghafla anaanguka. Nilimfundisha kugeuka kwa hatua ndogo ndogo bila kuzungusha unyayo kama anayezima sigara. Nilimfundisha kushika fimbo mkono ulio mzima, si ule mgonjwa kama wengi wanavyodhani. Na kwa kuwa nilijua anaweza kuanguka akiwa peke yake, nilimlaza chini makusudi na kumfundisha kuinuka kutoka sakafuni.

Jambo ambalo sikulifundisha mimi ni mchi. Niligundua siku moja nilipofika bila kutarajiwa. Mzee alikuwa katikati ya mianzi, anahama kulia, kushoto, kulia, na nyuma ya matete mchi unapiga, du, du, du. Alipochoka na kusita, mchi ulipunguza mwendo ukamngojea. Nilikwenda upande wa pili kuchungulia. Ndani ya kinu hamkuwa na mahindi.

"Unatwanga nini, mama?"

"Natwanga tu, Dokta," alisema, na kanga ikapanda usoni.

Kisha mzee akaanguka kweli. Siku hiyo sikuwepo, na nilisimuliwa na kila mmoja wao kwa namna yake. Alikuwa akitoka kitandani kwenda kwenye mianzi, fimbo ikateleza, akalala chini katikati ya chumba. Mdogo wake alikuwa mnadani. Majirani wote walikuwa bondeni kwenye ujenzi wa kijiji. Mama Atu alisikia kishindo, akasikia pia mzee akihema na kujaribu, akijaribu vibaya, akijivuta kwa mgongo.

Alichofanya ni hiki. Alichukua kigoda, akaenda mlangoni kinyumenyume, akakisukuma ndani kwa kisigino bila kugeuza shingo. Kisha akakaa nje, kwenye msingi wa nyumba, akaanza kuwasemesha kuku.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "ukianguka usihangaike na mgongo. Vuta pumzi kwanza. Haya, lalia ubavu wa mguu ule mzima. Sukuma chini kwa mkono mzima. Umekaa? Kuku gani huyu ana haraka? Kaa kwanza. Sasa kivute kile kigoda mbele. Weka mkono juu. Piga goti. Ule mguu mzima ndio usimike mbele, kuku, siyo ule mwingine. Haya, pua ipite vidole. Pua ipite vidole!"

Lilikuwa kila neno nililokuwa nimelipaza kule uani. Mzee Kibona alinisimulia huku machozi yakimtoka kwa kicheko na aibu. Kuku walikuwa wameshaondoka zamani, alisema, na yule mwanamke bado anawafundisha. Aliinuka juu ya kigoda, kutoka kigodani akafika kitandani, akakaa. Akakohoa mara moja kumjulisha. Huko nje Mama Atu akasikika akilia. Hakuna aliyemgusa mwenzake, na hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Tangu siku hiyo mzee hakunihitaji sana. Nilipokuja nilimkuta ameshatoka jasho. Nilimwongezea mteremko. Kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza fimbo na mguu mgonjwa, kisha mzima unafuata. Alikwenda akirudi kwenye kijia cha nyuma ya nyumba mpaka nyasi zikafa. Mkono wake wa kulia haukurudi sawasawa, sitawadanganya. Mguu ulirudi wa kutosha.

Mavuno yalikwisha, watu wakaanza kuhama. Siku ya zamu yao Balozi alikuja na vijana na machela, pengine kwa wema tu. Mzee Kibona alitoka mlangoni amevaa koti la kanisani, fimbo mkono wa kushoto.

"Bebeni mahindi," akawaambia.

Nilishuka naye, nyuma yake hatua chache, mikono yangu nimeifunga mgongoni ili isinishawishi. Kijia kilikuwa chembamba, upande mmoja kilima, upande mwingine migomba ya watu. Alishuka polepole. Alisimama kupumzika, akashuka tena. Watu waliotutangulia walifika, wakatua mizigo, wakarudi kuchukua mingine, na sisi bado tuko njiani.

Penye kona moja tulisikia mtu anapanda. Alikuwa Mama Atu, anarudi kuchukua vyombo vilivyobaki, kanga mabegani. Hakuwa ametutegemea hapo. Alipoinua macho na kuona mkwewe yu mbele yake, amesimama kwa miguu miwili katikati ya njia, alishtuka, akaruka nje ya kijia, akaingia kwenye migomba, akageuka kisogo na kujifunika kichwa kizima.

Mzee Kibona alisimama. Aliinamia fimbo. Nilidhani anaanguka, nikasogea, lakini aliponigeuzia uso nikaona anacheka na kulia kwa pamoja. Tangu augue hakuna aliyewahi kumpisha njia. Mtu aliyelala chumbani hana wa kumpisha.

"Umeona, Dokta?" aliniambia. "Nimepishwa njia."

Kisha akanyoosha koti, akapita mbele ya ile migomba taratibu bila kugeuka, kama heshima ilivyotaka, na tukaendelea kushuka.

Nilistaafu katikati ya miaka ya themanini, wakati hata sabuni ya kunawia kituoni ilikuwa shida. Matroni alikuwa ameshafariki. Mfawidhi alipanda vyeo akahamia mbali. Mzee Kibona aliishi miaka mingi katika kijiji kile cha barabarani, na kila niliyemtuma kwake alimkuta nje. Nimeulizwa na vijana wauguzi ni dawa gani tulikuwa nazo kwa wagonjwa wale. Hatukuwa nazo. Tulikuwa na kiti kilichoegemezwa ukutani, mwanzi, na mgonjwa mwenye sababu ya kusimama. Kama hana sababu, mtafutieni hiyo kwanza kabla ya fimbo.

Uzeeni kiharusi kikaja kunitembelea na mimi, mguu wa kushoto. Nilikuwa kwa mwanangu Tunduma. Mkewe ni mwalimu, msichana wa kizazi kingine. Ananipa mkono asubuhi na kunitania mezani. Mara ya kwanza niliporudi kutoka hospitali na kutaka kuinuka kitini, alinikimbilia mikono miwili imenyooka.

"Baba, nikushike!"

"Usinishike," nikasema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akarudi nyuma, ameumia. Nikamwomba akae, nikamsimulia habari ya Mama Atu na kuku wake, mpaka mwisho. Alicheka.

"Sasa mimi nifanye nini?" aliuliza. "Sisi hapa hatuna kuku."

"Basi nisemeshe mimi mwenyewe."

Alivuta kiti chake mpaka mbele yangu, akaweka mikono yake chini ya mapaja ili isiponyoke, akanitazama usoni.

"Haya, Baba," alisema. "Pua ipite vidole."

Nikainuka.